Nyuzi za sintetiki kwa besi ya kusimama: zipi ununue kwanza

Seti nzima ya nyuzi za besi ya kusimama, ikiwa ya kiwanda chenye jina, inacheza kati ya dola 150 na 350. Huku pwani huikuti dukani. Inakuja kwenye begi la mtu anayerudi kutoka Ulaya au Dubai. Kwa hela hiyo na usumbufu huo, hakuna anayenunua seti tatu ili achague moja. Kwa hiyo natanguliza mpangilio wangu: ya kwanza Pirastro Obligato, ya pili Pirastro Evah Pirazzi za aina ya weich, yaani laini, ya tatu D'Addario Zyex, ya nne Innovation Honey. Zote zina kiini cha sintetiki.

Nimempangia mtu anayedonoa kwa vidole zaidi ya anavyosugua kwa upinde, ila upinde hautupi: mpigaji wa taarabu, wa jazz, wa bendi ya hoteli, ambaye siku moja moja anaitwa kwenye okestra au kwaya. Kama kazi yako yote ni upinde, nyuzi za chuma bado zina haki ya kuwa chaguo lako la kwanza. Kama hugusi upinde kabisa, mpangilio huu nao unapinduka, na nitaonyesha pale unapopinduka.

Kwa nini sintetiki

Nyuzi za besi ziko za aina tatu kubwa. Za utumbo wa kondoo ndizo za zamani. Sauti yake nene, fupi, tamu, lakini utumbo hunywa unyevu. Masika ya Unguja au Mombasa utatuni kabla ya wimbo, utatuni baada ya wimbo, na hali ya hewa ikibadilika ghafla utatuni katikati. Za chuma hazina tabia hiyo. Spirocore za Thomastik-Infeld wa Vienna, ambazo wapiga besi wengi wa jazz duniani wamezizoea, zinadumu miaka na zinashika sauti vizuri. Tatizo lake ni vidole na urefu wa mlio: zinakaza mkono, na noti inaendelea kunguruma baada ya wewe kumaliza nayo.

Kwenye taarabu hilo la pili ni kero kweli. Katika vikundi kama Ikhwani Safaa, kilichoanza 1905, au Culture Musical Club cha 1958, besi hudonolewa, na kazi yake ni kushika mguu wa wimbo chini ya fidla, kanuni, udi na kodiani. Noti ya besi inatakiwa iingie kwa uzito, ikae kidogo, ipishe. Ikivuta mno inamwagikia noti inayofuata, na kanuni iliyo juu yake haisikiki vizuri tena.

Sintetiki ilitengenezwa ili ikaribie sauti ya utumbo bila kubeba maradhi yake. Ndani kuna nyuzinyuzi za jamii ya nailoni au plastiki nyingine ngumu, na juu yake umezungushwa utepe mwembamba wa metali. Fidla ndizo zilizotangulia, na Dominant, za Thomastik-Infeld hao hao, zilizotoka miaka ya 1970; besi zikafuata.

Jambo moja la kifizikia ulijue kabla hujalipa, maana ndilo litakalokugharimu baadaye. Uzi wa E wa besi, ule wa sauti ya chini kabisa, hutikisika kama mara 41 tu kwa sekunde, na ili utikisike polepole hivyo bila kulegea lazima uwe mzito. Nailoni ni nyepesi kuliko chuma. Kwa hiyo uzi wa sintetiki, ili ufikie uzito huo, mara nyingi huwa mnene zaidi, na mifereji ya besi yako, ile inayolaza nyuzi juu shingoni na kwenye daraja, huenda ilichongwa kwa nyuzi nyembamba za chuma. Nitarudi hapo.

Ya kwanza: Pirastro Obligato

Obligato inashika nafasi ya kwanza kwa sababu haina kazi inayoishinda. Ukidonoa, sauti ni ya joto, ya mviringo, na mlio unakwisha mapema kuliko wa Spirocore. Ukichukua upinde, uzi unaitika bila kupiga kelele ya kukwaruza, hata kwa mtu ambaye upinde wake una kutu kidogo. Mkazo wake ni wa kadiri, na mkono wa kushoto unapumua. Kwa harusi inayoanza saa tatu usiku na kwisha alfajiri, hilo si jambo dogo.

Kasoro ipo: hazidumu kama chuma. Uzi wa G, ule wa sauti ya juu kabisa, ambao ndio unaosuguliwa na vidole zaidi, hufifia kwanza, na utepe wake wa juu unaweza kuanza kulegea. Ukipiga kila wiki, jiandae kununua G ya pekee kabla ya seti nzima kuchoka. Kwenye besi ambayo yenyewe ni nzito ya sauti, Obligato inaweza kuzamisha kila kitu kwenye giza. Hapo ruka uende ya pili.

Ya pili: Evah Pirazzi weich

Hizi zina nguvu na mwanga zaidi. Besi ya bei nafuu ya mbao za kubandikwa, ambayo sauti yake haitoki kifuani, mara nyingi inafufuka kwa Evah Pirazzi. Upinde unashika upesi, na noti za juu shingoni zinasikika wazi.

Sisitiza neno weich unapoagiza. Wajerumani hutumia weich kwa laini, mittel kwa kati, stark kwa kali, na Evah Pirazzi za kawaida zina mkazo ambao kwa mtu wa kudonoa ni mzigo. Siku za mwanzo zina ukali wa metali unaoweza kukuudhi. Usiziuze bado, ukali huo hupungua uzi ukishazoea.

Ya tatu: D'Addario Zyex

Kiini chake ni plastiki ngumu inayostahimili joto, jamii ya PEEK, na ndiyo sababu naipa heshima kubwa kwa besi inayohama kutoka ukumbi wenye kiyoyozi kwenda baraza la ufukweni usiku huo huo. Sauti iko karibu zaidi na utumbo kuliko zile mbili za juu: kavu, nene, yenye kishindo cha mwanzo. Mpigaji wa taarabu asiyejali sana upinde anaweza kuiweka ya kwanza, na sitabishana naye. Nimeishusha kwa sababu ya unene wake chini ya vidole na kwa sababu upinde unadai mkono wenye subira.

Ya nne: Innovation Honey

Za Uingereza, laini mno kwa vidole, zimeelekezwa kwenye kudonoa. Upinde utatoa sauti, lakini hutaifurahia sana. Kwa mtu wa vidole tupu ni nyuzi nzuri. Jirani zake ni Evah Pirazzi Slap, pia za sintetiki na za mkazo mdogo, zilizotengenezwa kwa wale wanaochapa nyuzi kwa mtindo wa rockabilly. Hizo nazo zinafaa kudonolea, hata kama hujawahi kuchapa kitu.

Mchanganyiko

Kuna njia ya kati ambayo wanajazz wengi wanaitumia: Spirocore kwenye E na A ili chini kusimame imara, Obligato au sintetiki nyingine kwenye D na G ili juu kulainike. Inaokoa pesa pia, kwani hizo mbili za chuma zitakaa miaka. Shida ni pale kidole kinapovuka kutoka A kwenda D, sauti ikabadilika rangi. Kwa kudonoa hutambui sana. Kwa upinde utatambua.

Mitego ya kuagiza

Besi nyingi tunazozikuta ni za ukubwa wa 3/4, na huo ndio ukubwa wa kawaida kwa mtu mzima, si wa watoto. Urefu wa uzi kutoka juu shingoni hadi kwenye daraja huwa kama sentimita 104 hadi 107. Pima yako kwa tepu ya fundi cherehani kabla ya kuagiza. Usikisie kwa macho.

Mtego wa pili ni seti iliyoandikwa solo. Hiyo imetengenezwa kwa kutuniwa sauti moja juu ya kawaida, F kali, B, E, A. Ukiishusha kwenye E, A, D, G ya kawaida inalegea. Wapo wanaofanya hivyo kwa makusudi wapate mkono mwepesi, lakini kwa seti ya kwanza chukua ya orchestra.

Nyuzi zilizotumika hazinitishi. Wapigaji wa okestra za Ulaya hubadilisha mapema, na seti ya miezi michache inaweza kukufaa sana kwa nusu ya bei. Kagua tu kama utepe haujafunguka, na uhakikishe ilikotoka haikuwa besi ndefu kuliko yako: mkunjo wa zamani ukiangukia sehemu inayolia, uzi huo umekwisha.

Kuzifunga

Hapa ndipo seti nzuri inapoharibiwa. Badilisha uzi mmoja mmoja. Ukizitoa zote nne, kile kijiti cha ndani kinachosimama kati ya kifua na mgongo wa besi, ambacho hakikugundishwa kwa gundi, kinaweza kuanguka, na kukirudisha kunahitaji fundi mwenye kifaa chake. Nyuzi nne kwa pamoja huvuta zaidi ya kilo 100. Usichezee mkazo huo kwa pupa.

Kabla ya kukaza, laza uzi mpya kwenye mfereji wa juu shingoni na wa daraja. Unatakiwa ulale ndani kama nusu ya unene wake, usibanwe. Ukibanwa, utepe utakatika pale pale baada ya muda, na utamlaumu mwenye kiwanda bure. Fundi aupanue mfereji kwa tupa ya mviringo, taratibu, bila kuuzamisha chini. Kisha paka ncha ya penseli humo; grafati inausaidia uzi kuteleza.

Kadiri unavyokaza, uzi unalivuta daraja kuelekea shingoni. Kila baada ya kukaza kidogo, litazame kwa ubavu. Upande wake unaotazama mkia usimame wima. Likiegemea, lishike kwa mikono miwili ulirudishe mkazo ukiwa bado mdogo.

Halafu subiri. Sintetiki hunyooka kuliko chuma, na wiki ya kwanza itashuka sauti kila ukiiacha. Usifunge nyuzi mpya siku ya shughuli, wala siku mbili kabla. Sauti yake ya kweli huisikii mpaka zitulie.

Kuishi nazo

Nyuzi hizi zina mtikisiko mpana, kwa hiyo zikiwa chini sana zitagonga ubao wa vidole. Kama besi yako ina skrubu za kurekebisha daraja, inua kidogo. Unyevu wa masika huvimbisha mbao na kuzipandisha nyuzi, basi utashusha. Kiangazi utainua tena. Uzi hautoki kwenye sauti peke yake, mbao nazo zinasogea.

Kwa upinde, angalia ulimbo unaotumia. Ulimbo laini kama Pop's unapendwa sana, ila kwenye joto la Dar es Salaam unayeyuka na kutambaa hadi kwenye kitambaa chake. Tumia aina ngumu kidogo na upake kidogo kuliko unavyodhani. Ukirundikana pale unapodonoa, vidole vinanata.

Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza, juu na chini, maana jasho na hewa ya bahari hula utepe wa metali. Spiriti iache kabisa: ikidondokea vanishi inaibabua, na ikipenya utepe inafika kwenye kiini.

Utajua zimechoka pale noti ya kudonoa inapokuwa fupi kama ya kopo, au kidole kikihisi utepe umeinuka. Hapo usitupe zote. Chagua G iliyo nzima kuliko nyingine, ikunje mduara mpana, iweke kwenye mfuko wa besi. Uzi ukikatika Pemba siku ya Idi, huwezi kumsubiri mtu wa Dubai.