Bartolomé, Galápagos: jua la kukaanga, maji ya kutetemesha

Kama uko Puerto Ayora, mji wa visiwa vya Galápagos huko Ecuador, na mfuko unaruhusu safari moja tu ya boti, chukua ya kisiwa cha Bartolomé. Sisi tulilipa zaidi ya dola 200 kwa kila mtu, chakula ndani. Hapo bado hujahesabu dola 200 za kiingilio cha hifadhi, ambazo wageni wengi kutoka nje hulipa tangu Agosti 2024, na nyingine 20 za kadi ya kuingia visiwani. Ghali? Sana. Lakini sijutii.

Basi linaondoka alfajiri hadi mfereji wa Itabaca, na hapo ndipo boti inaposubiri. Mwongozaji mmoja haruhusiwi kuchukua zaidi ya watu 16, na bila mwongozaji hukanyagi kisiwa. Njiani tulipita Daphne Major, jabali kavu ambako wanasayansi Peter na Rosemary Grant walianza mwaka 1973 kupima midomo ya shorewanda wa Darwin, ndege wadogo wa visiwa hivi, mwaka nenda mwaka rudi. Wenzangu wengi hawakuliona, vichwa vilikuwa vimeinama kwenye mifuko ya kutapikia. Bahari ile ina mawimbi, kwa hiyo dawa ya kichefuchefu imeze kabla ya kupanda.

Gatini tulikuta simba bahari amelala katikati ya ngazi. Hafukuzwi. Sheria ni kukaa mita 2 mbali na mnyama, kwa hiyo tulisubiri kwenye boti ya mpira mpaka mwenyewe alipoamua kujivuta pembeni.

Kilima kina mita 114 tu, na unapanda kwa ngazi za mbao zaidi ya 370. Aliyepanda Mlima Longonot kule Kenya atacheka. Shida si mwinuko, shida ni moto: hakuna mti hata mmoja, na mawe meusi yanakurudishia joto kutoka chini huku jua la ikweta likikuchoma utosini. Mbao zimewekwa kwa sababu ardhi yenyewe ni majivu na changarawe za volkano, miguu ya wageni ingeibomoa yote. Mwongozaji aliniita nishike jiwe kubwa nililodhani litanivunja mgongo. Nililiinua kwa mkono mmoja! Ndani ni matundu matupu, yaliyoachwa na gesi lava ilipokuwa ikipoa. Kileleni ndipo unapoona ile picha ya kwenye kalenda: fukwe mbili zilizopeana mgongo na mwamba mrefu uliochongoka kando ya maji.

Halafu baharini. Mimi nimezoea Kisite, hifadhi ya bahari ya pwani ya Kenya, ambako unaingia majini na kaptula na kutoka unapotaka. Hapa mikondo ya baridi, wa Humboldt kutoka kusini na mwingine unaopanda kutoka kilindini, hufanya maji yakung'ate hata ukiwa kwenye ikweta. Suti ya mpira ni lazima, hasa kati ya Juni na Novemba. Yangu ilikuwa na zipu iliyokatika, maji yakawa yanaingia mgongoni kila nikigeuka, na hakukuwa na ya akiba. Kwa bei ile, hilo halina udhuru. Miwani na mrija vilikuwa safi.

Usitarajie bustani za matumbawe, hapa unakuja kuona wanyama. Nilikuwa nimeinamia kundi la samaki wadogo chini ya ule mwamba, ghafla likapasuka katikati na pengwini akapita kama risasi, mstari wa mapovu nyuma yake. Akarudi, akalizunguka kundi, akanyakua, akapotea. Nchi kavu ni ndege mfupi anayetembea kwa kuyumba, lakini chini hakuna anayemfikia. Kwenye mchanga papa wawili wenye mapezi ya ncha nyeupe walikuwa wamelala, hawakujali hata kidogo.

Chakula cha mchana kilikuwa wali na jodari, kizuri tu.

Mwisho walitushusha Sullivan Bay, ng'ambo, kwenye kisiwa cha Santiago. Lava ile haijatimiza hata miaka 150, na imekauka kwa mikunjo kama kamba ya usumba iliyoviringishwa. Kwa mbali ni weusi mtupu. Ukichuchumaa unaona rangi za shaba na zambarau, na kwenye nyufa vidungusi vifupi vyenye miiba ya njano, miongoni mwa mimea ya kwanza kukubali kuishi hapo. Ningekaa saa mbili, lakini walitupa chini ya saa moja, wakaanza kutuhimiza turudi botini.

Natoa nyota 4. Kabla hujalipa, uliza ratiba. Sisi tulipandishwa kilima karibu na adhuhuri na kuingizwa majini baadaye, ilhali kama wangegeuza, kilima kingeachiwa alasiri. Beba maji lita 2, kofia yenye kamba na viatu vya kufunga, maana lava inakata ndala. Na suti ijaribu dukani, zipu mpaka juu.