Kaske kwa mtu wa miwani: nilizoshindwa nazo na niliyobaki nayo

Nilijua mambo yameharibika siku nilipovua miwani ili niendelee kusikiliza. Mtu anayesoma skrini kutwa nzima amevua miwani, amesogeza uso hadi unakaribia kugusa kioo cha kompyuta kama bibi anayetafuta tundu la sindano, kwa sababu tu masikio yamekataa kubeba miwani na hedifoni kwa mpigo.

Kazi yangu ni kuandika mahojiano. Watafiti wanarudi kutoka miji ya migodi, Kipushi, Likasi au Kolwezi, na sauti walizorekodi kwa wachimbaji, wake zao, wauza samaki. Mimi nakaa nyumbani hapa Lubumbashi, nasikiliza na kuandika neno kwa neno. Saa moja ya sauti safi hunila saa nne au tano. Upepo ukiwa umepiga maikrofoni, au mzungumzaji akianza kwa Kiswahili, akarukia Kibemba na kumalizia kwa Kifaransa, hata saba. Kwa hiyo kaske (huku kwetu ndivyo tunavyoita hedifoni) inakaa kichwani mwangu saa sita kwa siku, na miwani ninayo tangu shule ya msingi. Bila hiyo sioni herufi.

Kwanza niseme ugomvi wenyewe uko wapi, maana wauzaji wengi wanadhani ni kudeka. Mkono wa miwani unapita juu ya sikio, umelala kwenye mfupa usio na nyama ya kutosha. Kaske inakuja juu yake na kusukuma. Hata kaske laini namna gani, katikati ya ulaini na mfupa kuna kijiti kigumu, na nguvu yote ya kubana inaishia kwenye kijiti hicho. Asiyevaa miwani hatasikia kitu. Ndiyo maana sifa za "inakaa vizuri sana" kutoka kwa watu wenye macho mazima hazinisaidii.

Ya kwanza niliyotumia ilikuwa ndogo, ya kukaa juu ya sikio badala ya kulizunguka. Zawadi ya kaka yangu, nikaivumilia kwa heshima yake. Kwa mwenye miwani sijaona aina mbaya kuliko hiyo: mto wa sponji wa kaske unabana sikio lenyewe, sikio linagandamizwa kwenye mkono wa miwani, na mkono kwenye mfupa. Dakika ishirini, sina neno. Dakika arobaini, ncha ya juu ya sikio inawaka. Nikiitoa baada ya saa moja na nusu, nikipapasa juu ya sikio nakuta mfereji mdogo kwenye ngozi, na kichwa kinauma upande wa panja hadi jioni. Haikumaliza wiki.

Nikakimbilia zile ndogo za kuchomeka ndani ya sikio. Hizo na miwani hazijuani kabisa, na kama wewe unasikiliza muziki njiani au unapokea simu tu, nunua hizo na usihangaike kusoma zaidi. Mimi, saa sita kwa siku, mwezi wa kumi, joto lile la kabla ya mvua, masikio yaliwasha hadi nikawa najikuna kwa kifuniko cha kalamu. Muuguzi wa mtaani aliniambia niyaache yapumue. Nilijaribu pia, asubuhi moja tu, zile za kupitisha sauti kwenye mfupa wa shavu huku sikio likibaki wazi. Ndoano yake inakaa palepale mkono wa miwani unapojikunja nyuma ya sikio, wawili kwenye kiti kimoja. Na sikio likiwa wazi, jenereta ya jirani inaingia yote.

Hiyo jenereta. Umeme ukikatika mtaani kwetu, na unakatika, jirani ndiye wa kwanza kuwasha. Shemeji yangu aliponiona nateseka akaniazima kaske yake ya bei, ya kuzima kelele. Nilipoivaa bila miwani, jenereta ilipotea kama mtu aliyezamishwa kwenye maji. Nikavaa miwani: nusu ya jenereta ikarudi. Nikadhani imeharibika. Kumbe kaske za namna hiyo zinasikia kelele ya nje kwa maikrofoni ndogo, kisha zinatoa sauti ya kinyume chake ili zifutane, na kazi hiyo inataka mto uliofunga sikio pande zote. Mkono wa miwani unauinua mto kidogo, unaacha mwanya mbele na nyuma ya sikio, na sauti nzito za chini, yaani hasa mngurumo wa jenereta, ndizo zinazopenda kupita hapo. Kwenye mwanya huohuo besi ya muziki nayo inatoka. Kwa hiyo mtu wa miwani akisema kaske fulani haina besi, muulize kwanza mikono ya miwani yake ina unene gani.

Na besi ni jambo dogo. Kubwa ni kwamba mwanya ukiwepo, mkono wako wenyewe unapandisha sauti ili kuishinda kelele. Nilijikuta karibu na mwisho wa kipimo kila alasiri, na usiku masikio yanalia kama nzi kwenye chupa. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asipite desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kadiri sauti inavyopanda ndivyo saa zinavyopungua. Saa 40 ni karibu wiki yangu nzima ya kazi. Hapo nikaacha kuliona hili kama suala la kuumwa ngozi tu.

Baada ya hapo nikafanya kosa la dola 25. Nilikwenda mjini, kwenye duka lenye kaske zilizoning'inia mlangoni kama ndizi, nikachagua kubwa ya kuzunguka sikio, mito minene ya ngozi ya bandia. Kijana akanipa nijaribu. "Yaya (yaani dada), hii iko orijino. Vaa tu, usikie besi yake." Nikavaa, nimesimama, kaweka rumba, dakika mbili, nikatabasamu, nikalipa. Nilipofika kwenye kituo cha basi ndipo nilipopapasa kichwa na kukumbuka kwamba wakati wote ule dukani miwani ilikuwa juu, kwenye nywele.

Ilibana kama koleo. Nikafanya ule ujanja ambao kila mtu anaujua: nikaivisha rundo la vitabu, kamusi mbili na Biblia, upana uliozidi kidogo kile kichwa changu, ikalala hivyo usiku tatu. Ililegea, sikatai. Lakini fanya hivyo tu kama ndani ya upinde wa kichwani kuna bapa la chuma, na ongeza kitabu kimoja kimoja. Upinde wa plastiki tupu utakupasukia. Na ukilegeza kupita kiasi, kaske inateleza kila ukiinama kunywa chai.

Kilichosaidia kweli kilitoka kwa fundi viatu wa soko la Kenya. Ninamaanisha mtaa wetu wa Kenya, siyo nchi. Nilikuwa nimesoma kwamba Turtle Beach, kampuni ya Marekani inayouza kaske za wachezaji wa michezo ya video, ina modeli zenye kitu inachokiita ProSpecs: ndani ya mto, mahali mkono wa miwani unapopita, sponji ni laini zaidi ili mkono uzame badala ya kusukumwa. Nikasema, kama shida ni sponji, watu wa sponji tunao. Nikamwekea mzee kaske mezani, nikavaa miwani, nikamwonyesha kwa kidole. "Papa, unikatie hapa tu, pa kupita mukono ya lunete." Akaiangalia kaske, akaniangalia mimi. "Mama, sasa yenye iko na shida ni kichwa ao ni lunete?" Wateja wakacheka, nami nikacheka.

Lakini alifanya kazi ya kitaalamu. Akavua mto, akafungua mshono wa ngozi kwa ncha ya kisu, akachora kwa chaki mstari mmoja kwenye kila mto, akachonga sponji mfereji wa upana wa kidole cha mwisho, akajaza mfereji huo kwa kipande cha sponji ya godoro iliyo laini, akashona tena kwa uzi uleule wa viatu. Faranga 10,000. Ngozi haikutobolewa, kwa hiyo mwanya haukuongezeka. Mkono wa miwani sasa unazama, na ngozi inaufunika. Nilitoka kwenye saa moja na nusu nikafika saa tatu kabla ya kutafuta ukuta wa kugonga kichwa. Tatizo likabaki kwa ile ngozi ya bandia: jasho. Saa sita mchana mito inalia chwa-chwa ukitafuna, na baada ya miezi michache ikaanza kubanduka vipande vyeusi vinavyoganda shavuni.

Nusu nyingine ya dawa ilikuwa usoni kwangu. Miwani yangu ilikuwa ya plastiki nene, mtindo, mikono ya bapa. Nilipoipima kwa rula ilikuwa na milimita 6. Wakati wa kubadili vioo ulipofika nikachagua ya chuma chembamba, mikono isiyofika milimita 2 na isiyojikunja sana nyuma ya sikio. Dada zangu wakasema nimekuwa kama mwalimu mstaafu. Na iwe hivyo. Ukiwa na bajeti ya kitu kimoja tu mwaka huu na miwani yako ni minene, ningekushauri uanze na miwani.

Niliyobaki nayo ni beyerdynamic DT 770 Pro, ya omu 80 (omu ni kipimo cha jinsi kaske inavyoukinza umeme). Niliinunua mkononi kwa kijana aliyekuwa anauza vyombo vya studio yake ya muziki, dola 70 baada ya mabishano marefu. Ni kaske ya Ujerumani ya kufanyia kazi, imefungwa nyuma, inazunguka sikio lote, na mito yake siyo ya ngozi bali ya kitambaa cha kijivu kama mahameli. Mahameli ndiyo siri. Yanapitisha hewa, jasho halikai, na yanaukumbatia mkono wa miwani badala ya kuusukuma. Uzito wake ni gramu 270, na hapa napingana na wanaosema chagua nyepesi kuliko zote. Nyepesi inayobana itakuua kabla ya nzito inayotulia. Uzito unakaa utosini. Ukiwa umesuka, unautafutia upinde mahali kati ya mistari na mambo yanaisha. Kubana hakuna pa kukukwepea.

Jambo lingine, la bahati: ilikuwa imeshavaliwa. Mpya huwa na upinde mkavu. Hii vichwa vya wanamuziki vilikuwa vimeshailegeza kwa niaba yangu, na ninashukuru. Safari hii sikurudia ujinga wa dukani. Nilimwambia kijana nitakaa nayo kwake, miwani usoni, kompyuta yangu mapajani, nikiandika kazi ya kweli, dakika arobaini. Alikubali, akaenda kupika bukari, ugali wetu. Alipomaliza nilikuwa bado naandika na sijaigusa kaske hata mara moja.

Ina waya, tena wa mita 3, usiochomoka kwenye kaske. Kwa mtu wa kutembeatembea ni kero. Mimi nimeukunja na kuufunga kwa kamba ya kiatu. Waya pia maana yake hakuna betri ya kuchaji umeme ukikosekana. Omu 80 kompyuta yangu inaziweza bila msaada. Kuna toleo la omu 250 ambalo linataka mashine yenye nguvu zaidi, usilichukue kwa kazi kama yangu. Jenereta haizimi kama ile ya shemeji. Inaipunguza kiasi cha mimi kuacha sauti katikati ya kipimo, na masikio yamenyamaza usiku.

Sasa hivi navaa saa tano mfululizo. Ya sita bado naihisi, kidogo, upande wa kushoto, ambako sikio langu liko juu kuliko la kulia na fundi wa miwani kila mara anakunja mkono upya. Sponji ya mito imeanza kulala, sikio linakaribia kugusa ndani. Mito mipya inauzwa peke yake, si lazima kununua kaske nzima, na binamu yangu aliyeko Johannesburg ameahidi kunibebea akija sikukuu. Asipokuja, papa wa viatu yupo, na safari hii nitampelekea mahameli.