TAHADHARI: Seti feki za kutengenezea bia nyumbani

Wadau, hasa mlioko Dar na mikoani mnaoagiza kwa WhatsApp na Instagram: kuna maboksi yanazunguka yanaitwa "seti kamili ya kuanzia" na hayana ukamilifu wowote. Picha za tangazo zimechotwa kwenye maduka ya Ulaya, kinachoshuka kwenye basi ni kitu kingine. Kagua haya kabla hujatuma hela.

Wengi wanapigwa kwenye kipimo. Haidromita ya bia, yaani kipimo cha uzito wa kimiminika ukilinganisha na maji, ina namba kuanzia karibu 0.990 hadi 1.100 na kuendelea, na ndiyo inayokuonyesha kama uchachukaji umekwisha. Badala yake wanakuwekea kipima spiriti, chenye alama 0 hadi 100. Ukivitazama juu juu vinafanana: vyote kioo, vyote vina uzito chini. Lakini hicho cha pili ni cha pombe kali iliyokenekwa, kama gongo. Kitumbukize kwenye maji ya kimea yenye sukari, kinaibuka mpaka alama ya sifuri inabaki hewani, husomi kitu. Dai picha ya karibu ya ile karatasi ya namba ndani ya shingo. Ukiona asilimia peke yake, achana naye. Iliyo ya kweli, ukiiweka kwenye maji safi ya 20°C, inasoma 1.000 au karibu sana na hapo.

Hamira nayo. Pakiti ya hamira ya bia huwa na gramu 10 hadi 12 hivi, imefungwa kiwandani, ina jina la aina, tarehe ya mwisho na kiwango cha joto. Chengachenga za kahawia kwenye kifuko kisicho na maandishi? Hiyo ni ya maandazi. Itachachusha, ndiyo, ila haitulii vizuri chini na bia inabaki na ladha ya mkate. Wengine wanakupa hamira halisi ya lager (bia inayochachushwa kwenye baridi), haina kasoro isipokuwa inataka 10–14°C, na Dar joto hilo hulipati nje ya friji. Kwa Pwani ulizia kveik, hamira yenye asili ya Norwei, inayostahimili hata 35°C. Iringa au Mbeya, hamira ya ale (bia inayochachushwa kwenye joto la wastani) ya 18–22°C inatosha.

Ndoo iwe ya chakula, si ya rangi iliyooshwa, fungua, nusa. Na ndoo ya lita 20 haijazwi lita 20: povu linaziba kizibo cha maji (kile cha kutolea gesi), kifuniko kinaruka. Kopo la kimea (shira nzito ya kutengenezea bia) lenye stika juu ya tarehe, rudisha. La kilo 1.7 pamoja na kilo 1 ya sukari linatoa lita 20 hadi 23. Anayekuahidi 40 anakuuzia maji. "Dawa ya kusafishia" isiyo na lebo mara nyingi ni klorini ya kufulia, ambayo isiposuuzwa vizuri inaipa bia ladha ya plasta ya kidonda.

Kibaya kuliko vyote ni karatasi ya maelekezo: "siku 5, kijiko cha chakula cha sukari kila chupa, funga." Usithubutu. Gesi inazidi, chupa za kioo zinapasuka na vipande vinaruka. Pima kwa haidromita siku tatu mfululizo. Namba ikisimama palepale, kwa kawaida karibu na 1.010, ndipo uweke sukari gramu 6 kwa lita, yaani 120 kwa lita 20. Mgeni aanze na chupa za plastiki za soda. Ukibonyeza ukakuta imekuwa ngumu kabisa, iingize friji.

Kuhusu malipo, mwambie muuzaji arekodi video akifungua boksi, pembeni kukiwa na karatasi yenye tarehe ya leo. Akileta visingizio huku anataka hela yote kwanza kwenye namba binafsi, funga mazungumzo. Aliyekwisha kulizwa asifute meseji wala risiti ya muamala: apeleke polisi, na namba ya tapeli airipoti kwa 15040.