Fundi wa Kariakoo aliyenitibia kompyuta ya mezani, uzoefu wangu

Wenzangu wa stesheneri mnaotumia kompyuta za mtumba, nimepata fundi wa Kariakoo anayekuja mpaka dukani, ntamsifia ila na kasoro zake ntasema.

Tatizo lilikuwa asubuhi. Nawasha, feni inazunguka, nembo inatokea, halafu skrini ya bluu, inajizima inajiwasha yenyewe inarudi palepale na wateja wa kopi wameshajaa mlangoni. Mdogo wangu alinionyesha kubonyeza F2 kuingia BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine kabla Windows haijawaka, kwenye SATA natoa RAID naweka AHCI (ni namna mbili za mashine kuongea na diski), narekebisha na tarehe maana bila hivyo tovuti zinagoma kufunguka, basi mchana kutwa safi. Kesho yake yaleyale. Kuna fundi hata hakuifungua akasema madabodi imekufa, lete 150,000. Mwingine akataka kupiga Windows upya, kazi zote za wateja zifutike, nikamwambia asante kaka.

Huyu wa sasa kabla hajashika bisibisi kaniuliza, "Dada, ukifunga duka unazima wapi?" Nikasema swichi kuu, mi naogopa moto. Akatikisa kichwa, akafungua mashine, akabandua kibetri cha duara ukubwa wa sarafu, kimeandikwa CR2032, akakipima na multimita mbele yangu. Kinatakiwa volti 3, chenyewe kinasoma 1.9. Kumbe hicho ndo kinatunza saa na seti za BIOS umeme ukikatwa kabisa. Mashine ikiwa kwenye soketi, hata umeizima, kuna umeme kidogo unaingia unaitunza, na kweli zile siku nikisahau swichi kuu asubuhi ilikuwa inawaka freshi tu. Ukikata, kibetri hakiwezi tena, seti zinarudi za kiwandani ambazo kwa mashine yangu ni RAID, wakati Windows iliwekwa kwenye AHCI, sasa itaionaje diski?

Akaweka kipya, tukarudisha AHCI, akazima swichi kuu, akanywa chai kwanza ndo akawasha. Ikawaka. Bei 15,000 na betri humohumo, na printa akaitoa karatasi iliyokwama bila kuongeza hela.

Kasoro yake ni muda jamani, anakwambia "nipo kituo cha Fire hapa" na kelele za watoto wake unazisikia kwenye simu. Risiti hana. Na skrubu moja ya mfuniko mpaka leo siioni.