Eti giaboksi imekula farasi 68

Msipeleke gari pale. Ama pelekeni, lakini karatasi ikishatoka kwenye printa ichukueni, lipeni, mwende zenu kabla yule bwana wa kompyuta hajafungua mdomo.

Gereji siitaji. Iko Nairobi na ina dino, ile mashine ya rola: gari linafungwa mikanda, magurudumu yanazungusha rola, kompyuta inasoma nguvu iliyofika chini baada ya giaboksi, propela na difu (gia za kati ya magurudumu ya nyuma) kila mmoja kuchukua chake. Nilipeleka Toyota Mark X yangu ya injini ya lita 2.5 kwa sababu nikishuka nayo Mombasa kwa dada yangu inaruka, nikirudi huku juu inakuwa nzito, hadi kupita lori pale Salama lazima niombe Mungu kwanza. Nilitaka kujua nguvu inapotelea wapi.

Niseme mazuri, maana yapo. Kijana aliyelifunga gari ni fundi wa kweli. Alipima upepo wa matairi ya nyuma, akakuta moja limelegea, akajaza mpaka yakalingana. Mikanda akaikaza, akaitazama, akailegeza kidogo. Nilipouliza kwa nini, akanijibu kwa adabu: "Nikikaza sana, mama, tairi linajikandamiza kwa rola, linakula nguvu, halafu tunasingizia injini." Huyo angekuwa ndiye mwenye gereji, ningekuwa naandika mambo mengine hapa.

Injini ikanguruma, rola zikalia, karatasi ikatoka: nguvu za farasi 147. Kwenye makaratasi ya kiwandani ni 215. Yule bwana akatoa simu, akagawa, akatikisa kichwa kama daktari. "Mmepoteza asilimia 32. Giaboksi imekwisha. Tunafungua, tunatengeneza, laki moja na nusu." Hayo yote alimwambia mpwa wangu, aliyekuja kunisindikiza tu na hata leseni hana. Namba ya simu pia akaomba ya mpwa wangu. Logibuku ina jina langu, pesa zinatoka kwa simu yangu, na mimi nimesimama pale kama mwavuli.

Nikamuuliza: mbona baada ya kukanyaga mafuta hadi mwisho hukuweka nyutro ukaacha rola zipungue mwendo zenyewe, tuone difu na matairi vinavuta kiasi gani? Akanitazama, nadhani kwa mara ya kwanza tangu nifike. "Madam, hayo ni mambo ya YouTube. Wacha nimwelezee kijana."

Sasa, kazi yangu mimi ni kufundisha fizikia kidato cha tatu. Nguvu ikipotea kwenye chuma haiendi mbinguni, inageuka joto. Farasi 68 ni kilowati 50. Hizo ni birika 25 za umeme za kilowati 2, zote zikichemka kwa pamoja chini ya gari. Giaboksi ingekuwa inakula hivyo, mafuta yake yangenuka kuungua kabla sijavuka Mlolongo.

Na kuna jambo aliloliruka, ambalo ndilo lenyewe. Ile 215 hupimwa kwenye krenki, yaani shafti ya injini yenyewe, kabla nguvu haijaanza safari ya kwenda nyuma, tena kwa hewa ya karibu na usawa wa bahari. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu. Mgandamizo wa hewa huku ni kama asilimia 81 ya ule wa pwani, na injini isiyo na tabo, ile ya kuisukumia hewa kwa nguvu, haina pa kuitoa hewa iliyokosekana. Kwa hiyo 215 ya Japani huku ni kama 174, bado ikiwa kwenye krenki. Kutoka 174 hadi 147 ni asilimia 15 na kitu. Hiyo ndiyo ya njiani: toko konvata (kiungo cha mafuta kati ya injini na giaboksi) inayoteleza kidogo, pampu ya mafuta ndani ya giaboksi, gia zinazokoroga mafuta, na difu ya nyuma ambayo meno yake yanasuguana yakiugeuza mzunguko kwa nyuzi 90. Kwa gari la otomatiki linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, hapo hakuna cha kushtua mtu. (Hata hiyo asilimia 15 watu huishika kama aya, wakati si sheria. Kukoroga mafuta, kwa mfano, hakujali sana kama injini ina farasi 100 au 400. Kunategemea zaidi mwendo wa gia na uzito wa mafuta yenyewe.)

Dino huwa na hesabu ya kusahihisha hewa. Kwenye karatasi yangu, pale chini pembeni kwa maandishi madogo, ilikuwa imezimwa. Imezimwa! Ama hajui kuiwasha, ama anajua vizuri sana.

Nilishuka Grogan kwa fundi mwingine. Akaliinua gari, akafungua nati ya kuangalia kiwango, akayadondosha mafuta kwenye karatasi nyeupe: mekundu, yamefifia kidogo, hayana harufu wala vumbi la chuma. "Mwalimu, hapa hakuna kazi. Badilisha mafuta ukipata nafasi, basi." Akachukua hela ya chai.

Nilikuwa nimeweka nyota moja. Hasira zilipopoa nikaitazama tena karatasi ya dino. Mchoro umepanda vizuri hauna mashimo, 147 yenyewe siitilii shaka, na nimepata kwa namba jambo nililokuwa nalihisi tu kila nikitoka Mombasa. Mashine haina kosa, na bei ya kupima haikuwa mbaya. Hata nikaanza kujiambia labda siku ile yule bwana aliamka vibaya. Nikapandisha hadi tatu.

Halafu juzi wakatuma ujumbe: "Mpendwa mteja, giaboksi unaleta lini? Tuna punguzo mwezi huu." Wameutuma kwa mpwa wangu.

Nimerudisha moja.