Walimwandikia ripoti ya mechi ambayo hakuicheza: uzoefu wangu na kambi ya kabla ya drafti

"Alionekana kuchoka kipindi cha tatu na hakuwa na ari ya kurudi nyuma kukaba." Sentensi hiyo iko ukurasa wa pili wa ripoti ya mwanangu. Nimeisoma mpaka nikifumba macho naiona. Sasa nawaambieni: kipindi hicho cha tatu, ndicho cha mwisho cha mechi, mwanangu alikuwa amekaa jukwaani, kushoto kwangu, kifundo cha mkono kimefungwa bandeji, anakula chipsi kwa mkono mmoja. Hakucheza hata sekunde moja. Hata viatu vya barafu hakuvaa siku hiyo alasiri.

Nyota moja kwa kambi hiyo ya hoki ya barafuni. Kuna siku nilifika tatu, nitaeleza, lakini leo ni moja. Jina lao silitaji kwa kuwa bado tunaandikiana.

Kwa wasiojua, drafti ninayoisema si ile ya kijiweni ya vizibo vya soda. Ni siku mbili za mwezi Juni ambapo timu za NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni ya Marekani na Kanada, huchagua vijana watakaokuwa wao. Timu ni 32, raundi ni 7, majina 224 basi. Nyumba yenye kijana wa umri huo hailali mwaka mzima. Kila mtu ana orodha yake ya nani atachaguliwa wapi, na kila mwenye orodha ana kitu cha kumuuzia mzazi.

Sisi tuko Manitoba, Kanada. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nafanya zamu ya usiku kiwandani, na mchezo huu nimeujua ukubwani kwa ajili ya mtoto. Alianza na miaka sita kwenye uwanja wa mtaa, kwa viatu vya kuazima. Leo ni winga wa kulia katika WHL, ligi ya vijana ya huku magharibi. Anaishi kwa familia nyingine kwenye mji wa timu yake, na usiku mwingine hulala ndani ya basi baina ya mji na mji. Amezaliwa mwisho wa Agosti. Watu hawaoni uzito wa jambo hilo mpaka liwafike. Sheria ya NHL inataka kijana awe anatimiza miaka 18 kufikia Septemba 15 ya mwaka wa drafti. Angechelewa kuzaliwa wiki tatu tu, angesubiri mwaka mzima. Hakuchelewa, basi anapimwa pamoja na wenzake waliomtangulia duniani kwa miezi kumi na moja, wengine wana ndevu, yeye suruali bado zinamkimbia kila baada ya miezi mitatu.

Ndiyo maana tangazo la kambi lilinishika. Walisema kila mtoto ataangaliwa na mtu anayejua kuangalia, ataandikiwa ripoti, na ripoti itapelekwa kwa maskauti wa timu, yaani watafuta vipaji wao. Nikasema hewala, mtoto wa Agosti anahitaji mtu wa kumtazama kwa makini zaidi ya mizani na futi. Nikalipa dola 1,800 na ushee, hoteli na mafuta mbali. Ilikuwa sehemu ya nauli yangu ya kwenda nyumbani.

Mambo yalikwenda hivi. Siku ya pili asubuhi, mwanangu alijilaza kuzuia shuti na paki ikampata kwenye kifundo cha mkono. Ile paki wanayoipiga ni kisahani cha mpira mgumu, na kabla ya mchezo hugandishwa ili isidundedunde, kwa hiyo ikikupiga ni kama umepigwa jiwe. Nilimuona anavua glavu kwa meno. Kesho yake alasiri kulikuwa na mechi, na timu yake ikapungukiwa mtu. Wenye kambi wakampigia simu kijana mwingine aje kuziba pengo. Mtoto wa watu aliendeshwa na baba yake tangu alfajiri kutoka mkoa wa jirani, akafika watu wanapasha misuli moto, hana jezi. Wakampa ya mwanangu. Nambari 24. Karatasi ya majina hakuna aliyeigusa.

Sikuona ubaya wowote wakati ule, wallahi. Niliona ni jezi tu. Nikampiga picha mwanangu jukwaani, ameinua mkono wenye bandeji, nikamtumia dada yangu Tanga. Kwao ilikuwa inakaribia saa sita usiku na alikuwa ananiuliza kila baada ya dakika kumi kama mkono umevunjika. Dada yangu hoki ya barafuni anaijua kwa wale Ice Lions wa Nairobi, waliojifunzia kwenye kiuwanja cha hoteli ya Panari, na anaamini kila mchezaji hutoka uwanjani bila meno.

Ripoti ikaja wiki kadhaa baadaye, msimu unakaribia kuanza. Kurasa tatu. Wa kwanza ni maneno yanayoweza kumhusu kijana yeyote. Wa pili ndio huo. Wanasema anapigia mkono wa kushoto. Mwanangu anapigia kulia tangu siku ya kwanza aliposhika gongo. Winga wa kulia anayepigia kulia, mtu akimtazama dakika moja analiona hilo kabla hajaona sura. Halafu wanaeleza mabao mawili aliyokosa, ambayo nayakumbuka vizuri maana nilimhurumia aliyeyakosa. Halafu hiyo sentensi ya uchovu.

Nikapiga simu. Mara ya tatu ikapokelewa na bwana mmoja, akaniita jina langu tupu kama tulicheza rede pamoja utotoni. Nikalimeza hilo, ndivyo walivyo huku. Nikamweleza taratibu: siku hiyo mwanangu alikuwa ameumia, jezi yake alivaa mwingine. Akacheka kidogo. Akasema, wakivaa helmeti wote wanafanana.

Wote wanafanana! Yule aliyevaa jezi ni kijana mweupe, nywele zake zimetokeza chini ya helmeti rangi ya mkonge uliokauka juani. Mwanangu ni mweusi kama mimi. Ina maana aliyeandika hakumtazama usoni, wala mikononi, wala hakutazama chochote isipokuwa tarakimu mgongoni na karatasi mbele yake. Nilipomwambia hivyo akanyamaza, kisha akasema ripoti ni maoni ya mtaalamu, na maoni hayarudishiwi pesa. Akakata simu akiwa mwanzo wa sentensi yangu.

Sasa niseme haki, maana haki lazima isemwe. Kwenye kambi hiyo kulikuwa na mwalimu wa kuteleza, mama mmoja wa makamo, sauti ndogo. Yeye ndiye aliyeona mkono wa mwanangu unavimba kabla hata mimi sijashuka ngazi. Alimkalisha, akamwekea barafu, akamgusa kidole kimoja kimoja kuhakikisha kama vyote vinajikunja. Na siku mbili za mwisho, kwa kuwa hakuweza kushika gongo, akamchukua pembeni bila gongo na kumfundisha kugeuka kwa mguu wa kushoto. Saa nzima, goti tu: kunja, egemea ukingo wa nje wa kiatu, usiinue bega. Mwanangu alikuwa anageuka vizuri upande mmoja, mwingine anapoteza mwendo, na makocha wote wa miaka yote hawakuwahi kumwambia. Msimu ulipoanza niliona tofauti mimi nisiyejua kitu. Alikuwa anatoka kwenye kona na paki wakati zamani alikuwa anaiacha. Yeye mwenyewe aliniambia, mama, hata tungelipa kwa ajili ya yule mwalimu tu, ingetosha.

Basi nikasema nyota tatu. Nikasema labda naikuza. Nikajituliza kwa majina ya watu ambao karatasi ziliwakosea. Henrik Lundqvist, kipa, alichaguliwa wa 205 mwaka 2000. Joe Pavelski wa 205 pia, mwaka 2003. Martin St. Louis hakuchaguliwa kabisa, wakasema mfupi, na mwaka 2004 akawa mchezaji bora wa ligi nzima. Sam Bennett, kwenye majaribio ya viungo kabla ya drafti ya 2014, alining'inia kwenye chuma akashindwa kujivuta hata mara moja, watu wakamsema majuma. Calgary wakamchukua wa 4 vilevile, na mwaka 2025 akapewa Conn Smythe, tuzo ya mchezaji bora wa mchujo, timu yake Florida ikibeba Kombe la Stanley. Karatasi si mtu.

Halafu Januari, ofisi ya NHL yenyewe ilipotoa orodha yake ya katikati ya msimu ya vijana wa kutazamwa kwa drafti, jina la mwanangu lilikuwemo. Chini chini, lakini lilikuwemo. Nililisoma nikiwa kwenye maegesho ya kiwanda, nikalia. Hao watu wa ligi walikwenda wenyewe kwenye viwanja vyetu vya baridi, wakakaa, wakatazama, na hawakunitoza senti. Siku hiyo nilikuwa tayari kusamehe. Nilitaka kuandika kwamba kambi ni nzuri, ripoti muitupe.

Ila tatizo, ile sentensi haikutupwa. Imekwenda kwa watu. Mtu mmoja wa timu, sitasema ya wapi, alipozungumza na mwanangu kwa simu mwezi uliofuata, swali la pili alilouliza ni kama ana tabia ya kuishiwa nguvu mwisho wa mechi. Alilipata wapi? Hakusema. Labda kwingine. Mimi nina mawazo yangu.

Nielezeni basi, wazazi wenzangu, kama nakosea kuwaka. Zamu moja barafuni ni sekunde 40 au 45, mchezaji anakimbia kwa nguvu zote kisha anatoka. Kila mtoto anachoka, ndivyo mchezo ulivyotengenezwa. Kuandika "amechoka" ni kitu kimoja. Kuandika "hakuwa na ari" ni kumsema roho yake. Na vijana wa rangi yetu katika mchezo huu ni wachache. Willie O'Ree alikuwa mweusi wa kwanza kucheza NHL, Januari 1958. Ilichukua mpaka 2020 mweusi kuchaguliwa wa 2 kwenye drafti, Quinton Byfield, na kabla yake hakuna aliyefika juu hivyo. Nampenda sana Jarome Iginla, ambaye baba yake ni Mnigeria, wa 11 mwaka 1995. Namtolea mwanangu mfano kila siku kwa vile alivyokuwa akifanya kazi ngumu za pembeni ambazo hazipigiwi makofi. Neno "mvivu" likimwangukia mtoto kama huyu mwaka wa drafti, halidondoki lenyewe. Pesa nitafanya kazi zitarudi. Neno nani atalifuta?

Na yule kijana mwingine pia. Nilimfikiria baadaye sana, na naona aibu kwamba nilichelewa. Ameamka alfajiri, amekaa ndani ya gari kwa muda wa saa nane, amecheza na watu asiowajua, kwa jezi ya mwenzake, na alikosa mabao mawili kwa bahati mbaya tu. Alirudi kukaba, nilimuona, alirudi mpaka mwisho. Ripoti yake hakuna. Kazi yake imeandikwa kwa jina letu, na imeandikwa vibaya.

Juzi ndipo nilipofuta zile nyota tatu. Baada ya barua zangu nne, wamenitumia "ripoti iliyorekebishwa". Nikaifungua nimesimama. Wamebadili neno moja. Palipoandikwa anapigia kushoto, sasa pameandikwa anapigia kulia. Mabao mawili yapo. Uchovu upo. Ari hakuna. Mechi ni ileile ambayo hakuicheza. Yaani mtu alikaa, akasoma barua zangu zote, akaelewa kilichotokea, kisha akaona kinachofaa kurekebishwa ni mkono.

Mwanangu ananiambia niache. Anasema, mama, ukiwaandikia sana wataniona wa matatizo. Nikamuuliza, baba, wewe umeisoma? Akasema ndiyo, siku ileile ya kwanza. Hakuwahi kuniambia. Kumbe alikuwa anabaki barafuni baada ya mazoezi na kukimbia mwenyewe kwenda na kurudi, kocha wake ndiye aliyenieleza, tena kwa kumsifu, hajui kwa nini.

Kama mna mtoto na mnaweza kumpata yule mwalimu wa kuteleza peke yake, nendeni hata kwa miguu. Hiyo kambi, hapana. Au nendeni, lakini kataeni ripoti kwa maandishi kabla hamjalipa. Hapana, msiende.

Jumatatu nimewaandikia tena. Mara hii nimeambatisha ile picha niliyomtumia dada yangu. Mwanangu ameinua mkono wenye bandeji, chipsi mapajani. Nyuma yake ubao unasomeka kipindi cha tatu, zimebaki dakika sita na sekunde chache. Na chini, barafuni, nambari 24 ameinama anarudi nyuma kukaba.

Bado hawajajibu.