Hadubini safi, kauli chafu

Niseme ukweli kabla sijapandwa na hasira: kwa kioo cha hadubini, hawa jamaa waliotengeneza ya maabara yetu sijaona wa kuwashinda. Chembe nyeupe zinatulia machoni, kiini kimejichora zambarau, na zile pete ndogo za vimelea vya malaria unaziona bila kukunja uso. Jina la kampuni naliacha. Ni ya kimataifa, inauza vifaa vya maabara hadi vya vyumba vya upasuaji, na inajijua kuwa ni kubwa. Inajijua mno.

Kuna kipindi meza ya slaidi, pale panapokaa kioo chenye damu, ilianza kuteremka yenyewe. Polepole, kama mtu anayesinzia. Unalenga kwa lenzi ya mafuta, ile ya kukuza mara 100, unaanza kuhesabu vimelea mpaka ufikishe chembe nyeupe 200. Ukifika 60 au 70, picha imefifia. Unarekebisha, unaendelea, imefifia tena, na hesabu umeshaipoteza. Kwa lenzi hiyo, kina kinachoonekana vizuri hakifiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita, kwa hiyo mteremko usioonekana kwa macho unatosha kukuharibia asubuhi nzima.

Nikapiga simu. Nikapiga tena. Baada ya wiki kadhaa akaja fundi wao. Salamu hakuna. Kukaa hakukaa. Akagusa kirungu kikubwa, kile cha kupandisha na kuteremsha meza, kwa kidole kimoja, kama anagusa kitu kilichooza, akasema: "Dada, hizi si mashine za kujifunzia. Mmeivuruga wenyewe. Mfumo mzima wa kulenga ubadilishwe."

Mfumo mzima! Mimi nimeshika hadubini yeye hajaota ndevu.

Mwanafizikia Mjerumani Ernst Abbe alipoonyesha mwaka 1873 kwamba hadubini ya mwanga ina kikomo, kwamba vitu vilivyokaribiana chini ya takriban nusu ya urefu wa wimbi la mwanga huwezi kuvitenganisha, alikuwa anazungumzia lenzi. Kikomo cha adabu hakukipima. Na ni Abbe huyohuyo aliyeleta siku ya kazi ya saa nane katika kiwanda cha hadubini cha Zeiss mwaka 1900. Kampuni ninayoilalamikia si hiyo, ila nilimkumbuka: kumbe mtu anaweza kujua vioo na bado akajua watu.

Basi, akapita mzee mmoja, mstaafu wa maabara yetu, kuja kutujulia hali tu. Akanikuta nimenuna. "Mwanangu, pete umeikaza?" Pete gani? Nyuma ya kirungu kikubwa, upande wa ndani, kuna pete yenye vijino. Akaizungusha robo mzunguko. Meza ikatulia tuli. Chai yake haikupata hata muda wa kupoa.

Nikafungua kitabu cha maelekezo. Imo. Na picha imo, na mshale. Hapo nusu ya hasira ikanirudia mwenyewe, maana kitabu kile kilikuwa bado kwenye nailoni yake. Lakini mimi kazi yangu ni kusoma damu. Yeye analipwa kuijua pete!

Nilikuwa nimeshaandika "msinunue" kwa herufi kubwa. Nimefuta. Kisha nikairudisha, nikafuta tena. Tukihitaji nyingine nitaomba hiyohiyo, ila simu ya fundi apige mwingine.